Tumeungama: Je, Tumesamehe?

Jumamosi jioni, jua linapoanza kupoa, mlangoni pa kanisa la misioni huwa pana safu ya watu wanaongoja kuungama. Wazee wamekaa kwenye viti vya nyuma, rozari mkononi. Akina mama wamejifunga vitenge vyao vizuri. Watoto wa shule wanasukumana na kunong'onezana, mpaka katekista awakazie macho. Kila mmoja atapiga magoti kwa zamu yake, atasema yake, atapewa kitubio, atarudi nyumbani. Ni jambo tulilolizoea tangu utoto, na pengine tumelizoea mno.

Siku moja, karibu na sikukuu ya Pasaka, tulikuwa katika safu ya namna hiyo. Mbele yetu walisimama wanawake wawili wa mtaa mmoja. Nyumba zao zatazamana, njia ndogo tu yapita katikati. Lakini kwa muda wa miaka miwili hawakuwa wamesalimiana. Kisa chao kilijulikana na watu wote. Mtoto wa mmoja alifariki kwa homa, na katika uchungu wa matanga mama yake alisema mbele ya watu kwamba jirani yake ndiye aliyemla mtoto kwa ulozi. Neno hilo lilienea upesi kuliko moto katika nyasi kavu. Tangu siku ile watu walikataa kununua unga wa yule jirani sokoni, na watoto wake walitukanwa njiani wakienda shuleni. Naye kwa hasira aliapa kwamba hatasamehe, hata akiwa kaburini.

Wa kwanza aliingia, akapiga magoti, akatoka. Wa pili akaingia, akatoka vilevile. Wote wawili wakaenda kusali mbele ya altare, mmoja upande wa kuume, mwingine upande wa kushoto. Kisha wakaondoka, kila mmoja kwa mlango wake.

Waliyoyasema kule ndani hatuyajui, wala si haki yetu kuyajua. Lakini swali moja lilitufuata njia nzima mpaka nyumbani: je, yawezekana mtu apatane na Mungu kwa mlango mmoja, huku akimkwepa jirani yake kwa mlango mwingine? Wapenzi wasomaji, swali hilo ndilo tunalotaka kulifikiri pamoja nanyi leo.

ZAWADI YA JIONI YA PASAKA

Kwanza tukumbuke sakramenti hii ilitoka wapi. Injili ya Yoane yatueleza kwamba, jioni ya siku ile aliyofufuka, Bwana wetu Yezu Kristu aliwajia mitume wake waliojifungia ndani kwa woga. Watu hawa walikuwa wamemkimbia usiku wa mateso yake. Petro alikuwa amemkana mara tatu. Wangeweza kuogopa kwamba atawalaumu. Lakini Yeye aliwapa amani, akawavuvia Roho Mtakatifu, akawakabidhi uwezo wa kuondoa dhambi za watu. Angalieni sana jambo hili: mapadri wa kwanza waliopewa kazi ya kusamehe walikuwa watu waliotoka kusamehewa wenyewe.

Hivyo anayeuliza, «Kwa nini nimwambie dhambi zangu padri, naye ni mtu mwenye dhambi kama mimi?», tumjibu hivi: ni kweli, padri ni mwenye dhambi, na yeye pia hupiga magoti mbele ya padri mwingine. Hata Baba Mtakatifu huungama. Daktari aweza kuugua, lakini dawa aliyo nayo mkononi haigeuki sumu kwa sababu hiyo. Dawa ya sakramenti si mali ya padri. Ni ya Kristu.

Tena tusiogope kwamba siri yetu itatoka nje. Sheria ya Eklezia haimruhusu padri kufunua neno la maungamo kwa sababu yoyote, wala kwa mfalme, wala kwa hakimu, wala kwa kuokoa maisha yake mwenyewe. Padri anayevunja siri hiyo waziwazi ametengwa na Eklezia papo hapo, na Kiti Kitakatifu peke yake ndicho chenye kumfungulia. Mjini Praha, katika nchi ya Bohemia, padri mmoja aitwaye Yoane Nepomuki alitupwa mtoni kwa amri ya mfalme mwaka 1393. Mapokeo ya watu husema kwamba alikataa kumfunulia mfalme maungamo ya malkia. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1729, na mpaka leo sanamu yake yasimama juu ya daraja kubwa la mji ule, watu wapitao wakumbuke.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Jeraha lililofunikwa huoza. Aliye na dhambi nzito moyoni, akiificha mwaka baada ya mwaka, atajidanganya kwamba amepona kwa sababu watu hawaoni kidonda. Kwa hiyo Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, uliamuru kwamba kila mkristu aliyefikia umri wa akili aungame walau mara moja kwa mwaka. Na sheria ya Eklezia ya mwaka 1983 yakumbusha wajibu huo kwa wenye dhambi nzito. Mara moja kwa mwaka ndicho kipimo cha chini kabisa, kama mtu anayepewa maji ya kutosha asife kwa kiu.

MAMBO MATANO, NA LILE LINALOSAHAULIKA

Watoto wa katekisimu hujibu haraka wakiulizwa ni mambo gani yanayotakiwa ili kuungama vizuri. Hunyosha vidole vitano. Cha kwanza: kujichunguza moyo. Cha pili: kujuta. Cha tatu: kukusudia kutorudia. Cha nne: kuungama dhambi zote nzito kwa padri. Cha tano: kutimiza kitubio.

Wazee wengi nao wangejibu hivyohivyo. Lakini tuwaulize: kutimiza kitubio maana yake nini? Wengi watasema, «Ni kusali zile sala alizoagiza padri.» Jibu hilo ni la kweli, ila ni nusu. Aliyeiba lazima arudishe. Aliyeharibu lazima atengeneze, kwa kadiri ya nguvu zake. Tunamsoma Zakayo katika Injili ya Luka, yule mtoza ushuru mfupi aliyepanda mtini. Yezu alipoingia nyumbani mwake, Zakayo hakusema tu kwamba anasikitika. Aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Furaha ya kusamehewa ilifungua mfuko wake.

Aliyeiba mbuzi ajua la kufanya: arudishe mbuzi, au thamani yake. Akiona aibu mno, aweza kuomba shauri la padri ili mali irudi pasipo kutaja jina. Lakini aliyeiba jina la mtu, arudishe nini? Hapo ndipo penye shida. Anayesema «fulani ni mlozi», «fulani ni mwizi», «fulani amezaa nje», hali ni uongo, ameiba mali isiyouzwa katika duka lolote. Wahenga walituonya: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kitapona kwa wiki moja. Neno lililotoka halirudi kinywani. Lapita nyumba kwa nyumba, na mwenye kulisema hajui limelala wapi usiku huu.

Basi mwenye kosa la namna hiyo hawezi kutulia kwa kusali Salamu Maria tatu tu. Aende palepale aliposema uongo, aseme kweli. Kama alisema mbele ya watu, akanushe mbele ya watu. Ni vigumu? Ndiyo, ni vigumu sana. Lakini je, ni rahisi kwa yule mwingine kupita sokoni huku watu wakimgeuzia visogo?

Wala tusiseme kwamba desturi hii ililetwa na wageni. Wazee wetu walijua tangu kale kwamba ugomvi haufi kwa kunyamaziwa. Waliketi barazani, wakawaita wenye shauri, kila mmoja akasema yake waziwazi, mkosaji akakiri kosa lake na kutoa fidia, kisha wakala na kunywa pamoja. Injili haikufuta hekima hiyo. Iliikamilisha, ikaitia neema ya Mungu, ili hata moyo upone, si shauri tu likatike.

HESABU YA DENI

Sasa tumgeukie yule aliyekosewa. Yeye atasema, «Mimi sikufanya neno. Yeye ndiye aliyenikosea. Mbona mwanihubiria mimi?»

Katika Injili ya Matayo, Petro alimwuliza Bwana kama yatosha kusamehe mara saba. Yezu alimjibu kwa hesabu kubwa iliyovunja hesabu yote, kisha akamtolea mfano wa mtumishi aliyedaiwa na mfalme talanta 10,000. Wanafunzi wapenzi, chukueni chaki tuifanye hesabu hii ubaoni. Talanta 1 ilikuwa sawa na dinari 6,000. Dinari 1 ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku moja. Basi deni lile lilikuwa dinari 60,000,000. Kibarua akifanya kazi siku 300 kila mwaka, asile wala asivae kwa mshahara huo, ingempasa kufanya kazi miaka 200,000 kabla ya kumaliza kulipa! Mfalme alimhurumia, akamwachia deni lote.

Mtumishi huyo alipotoka nje alimkuta mwenzake aliyekuwa na deni lake la dinari 100. Hiyo ni mishahara ya siku 100, karibu miezi minne ya kazi. Si pesa kidogo kwa maskini, wala Bwana wetu hakusema kwamba ni kidogo. Tena mwenzake alikiri deni, aliomba kungojewa. Lakini yule aliyesamehewa alimkaba koo, akamtia gerezani. Mfalme aliposikia alikasirika, akamtoza tena deni lake lote.

Hapo twaona kosa la mtumishi. Alitoka katika nyumba ya mfalme, ila hakukumbuka alikotoka. Alichukua huruma kama mtu achukuaye pesa, akaifunga mfukoni mwake. Hakujua kwamba huruma ni kama maji ya mfereji, ukiuziba chini hayafiki hata kwako. Nasi kila siku katika Sala ya Bwana twaomba tusamehewe kama tunavyosamehe wengine. Asiyetaka kusamehe, akisali sala hiyo, anajiombea nini?

NENO MOJA USIKU WA ISIRO

Wengine watasema, «Hayo ni mifano ya vitabuni. Njoo uone niliyotendewa, ndipo useme habari za kusamehe.» Hatuwezi kuwajibu kwa maneno yetu, maana sisi hatukuteswa kama wao. Tutawajibu kwa mtu wa nchi yetu.

Anuarite Nengapeta alizaliwa karibu na Wamba, katika Kongo ya kaskazini-mashariki, tarehe 29 Desemba 1939. Aliingia katika shirika la Masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akaweka nadhiri zake tarehe 5 Agosti 1959, akaitwa Sista Maria Klementina. Alifundisha watoto shuleni. Hakuwa mtu mkubwa wa kutajwa katika magazeti. Alikuwa sista kijana kati ya masista wenzake.

Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo. Tarehe 29 Novemba walifika Bafwabaka, wakawapakia masista katika lori. Njia iligeuzwa, na kesho yake wakafikishwa Isiro, mji uliokuwa ukiitwa Paulis. Usiku ule mkubwa mmoja wa waasi alimtaka Anuarite awe wake. Alikataa, kwa sababu alikuwa amejitoa kwa Mungu. Kanali Pierre Olombe alijaribu kumchukua kwa nguvu. Alipoona kwamba hakubali, alimpiga vikali, yeye pamoja na sista mwenzake. Katikati ya mapigo hayo Anuarite alimwambia kwamba anamsamehe, kwa maana hajui analolitenda. Ndipo kanali alipoamuru achomwe, naye mwenyewe akampiga risasi. Alifariki usiku huohuo, tarehe 1 Desemba 1964, kabla hajatimiza miaka 25.

Tufikiri vizuri juu ya neno lile. Olombe hakuwa ameomba msamaha. Hakuwa ametubu. Alikuwa bado ameinua mkono. Anuarite hakungoja. Maneno yake yalikuwa mwangwi wa maneno ya Bwana wetu juu ya msalaba. Nasi twaamini kwamba neno kama hilo halizuki ghafula katika kinywa cha mtu anayepigwa. Wakati wa hatari mtu hutoa kilichokuwamo moyoni mwake tangu zamani. Mwenye matusi hutoa matusi. Mwenye kisasi hulaani. Anayezoea kila siku kupokea huruma na kuitoa katika mambo madogo, katika chumba cha masista, jikoni, darasani, huyo siku ya mambo makubwa hupata neno tayari.

Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Baba Mtakatifu Yoane Paulo wa Pili alimtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri. Siku hiyo, mbele ya umati wa watu, Baba Mtakatifu alimsamehe mwuaji kwa jina la Eklezia yote, akiufuata mfano wa sista huyo. Na Baba Mtakatifu mwenyewe alijua uzito wa jambo hilo. Alikuwa amepigwa risasi huko Roma tarehe 13 Mei 1981, na tarehe 27 Desemba 1983 alikwenda gerezani kumtembelea yule aliyempiga, akaketi naye na kuzungumza naye.

KUSAMEHE SI KUSEMA UBAYA NI WEMA

Hapa yatupasa kuondoa kosa moja la mawazo. Wengi hukataa kusamehe kwa sababu wadhani kusamehe ni kusema kwamba ubaya haukuwa ubaya. Sivyo. Mwenye kusema «hukunikosea» hana cha kusamehe. Anayesamehe husema, «Umenikosea kweli, nimeumia kweli, lakini sitakulipa ubaya kwa ubaya, namwomba Mungu akuokoe.»

Wala msamaha haufuti kazi ya mahakama. Mume anayempiga mkewe, mtu anayewanajisi watoto, askari anayeua raia, hao wazuiwe na wahukumiwe kwa sheria. Mke anaweza kumsamehe mumewe moyoni, huku akienda kukaa mahali pa usalama na kuwaeleza wakubwa. Asimzuie kwa kumwambia, «Samehe, nyamaza», yeyote anayejiita mkristu. Maana kunyamaza mbele ya mwovu anayeendelea kutenda si msamaha, ni kumsaidia kuangamia.

Tena kusamehe si kusahau. Akili haiamriwi kusahau kama vile mtu anavyozima taa. Kumbukumbu ikirudi na kuuma, usidhani kwamba msamaha wako ulikuwa wa uongo. Samehe tena siku hiyo. Labda ndiyo maana Bwana alimtajia Petro hesabu kubwa vile: kosa moja tu laweza kutaka kusamehewa mara sabini.

MWUAJI ALIYEBISHA MLANGO

Anuarite alituonyesha upande wa aliyekosewa. Lakini mkosaji naye afanye nini, akiisha kutambua? Kwa hilo twende mpaka nchi ya Italia, tumtazame mtu mmoja aliyeua.

Tarehe 5 Julai 1902, karibu na Nettuno, kijana aitwaye Alessandro Serenelli alimchoma kisu mara nyingi msichana Maria Goretti, mwenye umri wa miaka 11, kwa sababu alikataa kutenda naye dhambi. Kesho yake Maria alifariki hospitalini, akiwa amemsamehe na kutamani awe pamoja naye mbinguni. Alessandro alihukumiwa kifungo cha miaka 30. Katika miaka ya kwanza gerezani hakujuta hata kidogo. Baadaye neema ya Mungu ilimgusa, akatubu.

Alipofunguliwa, baada ya miaka 27, alikuwa amekwisha kuungama na kuadhibiwa. Wengi wangesema, «Yatosha. Mungu amenisamehe, serikali imenifungulia. Nihamie mbali wasikonijua.» Yeye aliona kwamba bado ana deni moja. Alimwendea mama wa marehemu, aitwaye Assunta, akamwomba msamaha. Mama huyo alimsamehe, na wakati wa Noeli walikwenda pamoja kanisani, wakapokea Ekaristi ubavu kwa ubavu, mwuaji na mama wa aliyeuawa. Tarehe 24 Juni 1950 Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili alimtangaza Maria Goretti kuwa mtakatifu, na mama yake alikuwapo kwa macho yake. Alessandro aliimaliza safari yake ya dunia mwaka 1970 katika nyumba ya watawa Wakapuchini, alikotumika kama mtu wa kawaida wa bustani.

Angalieni njia aliyoipita: kwanza moyoni, halafu kwa padri, halafu mlangoni pa aliyemkosea. Asiyefika mlangoni, hali aweza kufika, amekatiza safari katikati.

KABLA YA KULETA VIPAJI

Bwana wetu alifundisha kwamba mtu aliyeleta sadaka yake altareni, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka, aende kwanza kupatana, ndipo arudi kuitoa. Sisi wa Kongo tumepewa ukumbusho wa jambo hilo katika Misa yetu yenyewe. Katika Misa ya kadiri ya majimbo ya Kongo, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, sala ya kutubu haiko mwanzoni. Twasikiliza kwanza Neno la Mungu, twaungama imani, ndipo twatubu pamoja. Mara tukiisha kutubu twapeana amani. Na baada ya amani ndipo vipaji vyaletwa altareni. Neno la Mungu, toba, amani, sadaka: utaratibu huo ni katekisimu nzima, hata kwa asiyejua kusoma.

Lakini angalieni jinsi tunavyoutimiza. Wakati wa amani, wengi humpa mkono yule waliyekaa karibu naye, ambaye hawana neno naye. Kisha macho yao humruka yule wa safu ya tatu. Mkono wa amani umetolewa, amani yenyewe imebaki mfukoni.

Wazazi wapenzi, shule ya kwanza ya msamaha ni nyumba yenu. Jioni kabla ya kulala, mkiisha kusali, kaeni kimya kidogo, kila mtu aangalie siku yake. Kisha anayejua kwamba amemkosea mwingine aseme. Wala baba asione haya kumwambia mtoto wake, «Mwanangu, leo nilikupiga kwa hasira tu, hukuwa na kosa, unisamehe.» Baba wa namna hii hapunguzi heshima yake. Mtoto aliyemsikia baba yake akiomba msamaha hataogopa kitu mbele ya padri, na akiwa mtu mzima hataona kwamba kukiri kosa ni kushindwa. Mume na mke wasiache jua lizame mara nyingi juu ya hasira yao. Ugomvi uliolala usiku mmoja huamka na watoto.

Nanyi wanafunzi, msiende kuungama kwa kukariri orodha ileile kila mwezi: «Nilisema uongo, nilipigana, sikusali.» Ulimdanganya nani? Ulimpiga nani? Umemrudishia kalamu yake? Umemwambia mwalimu kwamba mwenzako aliadhibiwa kwa kosa lako? Dhambi karibu zote zina uso wa mtu. Mtafuteni mtu huyo.

MLANGO MMOJA

Tuliwaacha wale wanawake wawili wakitoka kwa milango miwili. Turudi kwao tumalize.

Baada ya Pasaka, siku ya soko, watu walikuwa wengi. Yule mama aliyefiwa alikuja taratibu, akasimama mbele ya meza ya unga wa jirani yake. Waliokuwa karibu walinyamaza, wakidhani ugomvi utaanza upya. Akasema kwa sauti ya kusikika, huku akitetemeka: «Dada yangu, nilikusingizia. Nilikuwa na uchungu, nikatafuta mtu wa kumbebesha. Mtoto wangu aliuawa na homa, wewe hukumfanya neno. Nasema mbele ya hawa wote, kwa sababu niliyasema mbele yao.»

Yule mwingine hakujibu upesi. Alikishika kibaba cha kupimia unga, akakiweka chini, akakishika tena. Mwisho akasema: «Umenitesa miaka miwili. Watoto wangu walilia. Nami nilikuombea mabaya, hata siku ya kumzika mtoto wako sikuja kukulilia. Nisamehe hilo.» Kisha akajaza kibaba, akamimina unga katika kikapu cha jirani yake, akakataa pesa.

Si kwamba siku ile waligeuka kuwa marafiki wakubwa. Mambo ya namna hiyo hupona polepole, kama mfupa uliovunjika. Lakini watu walinunua unga ule asubuhi hiyo mpaka ukaisha. Na Jumapili iliyofuata, Misa ilipokwisha, tuliwaona wakitoka kanisani, mmoja nyuma ya mwingine, kwa mlango mmoja.

Wapenzi wasomaji, Jumamosi inakuja. Mkienda kuingia katika safu ya maungamo, jiulizeni kwanza: je, kuna mlango ninaoukwepa? Mwambieni padri dhambi zenu zote bila woga. Na mkiisha kusamehewa, njia ya kurudi nyumbani ipitie pale.